Amri ya Kumaliza Vita: Tuisome Mpaka Mstari wa Mwisho

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani,

Hapa kwetu Arua na Koboko kila mzee anajua vita vilianza lini. Ukimwuliza vilikwisha lini, naye atakuuliza: vita vipi, na vilikwisha kwa nani? Swali hilo la mzee si la mzaha. Vita hukomeshwa kwa amri. Utumwa nao hukomeshwa kwa amri. Mkubwa mmoja huandika karatasi, hutia saini na tarehe, na karani huibandika ukutani au huisoma mbele ya watu. Karatasi hiyo huwekwa, na miaka mingi baadaye wenye elimu huitoa kuwa ushahidi kwamba siku fulani vita vilikwisha na watu wakawa huru.

Sisi wa chama cha wafanyakazi tuna neno juu ya karatasi hizo. Twasema kwamba amri ya kumaliza vita na amri ya kuondoa utumwa ni karatasi za kazi, sawasawa na mkataba wa ajira. Ndani yake mna habari ya nani atafanya kazi, atamfanyia nani, kwa malipo gani, na nani hatalipwa. Mara nyingi uhuru huwa katika mstari wa kwanza, na masharti huwa katika mistari ya mwisho. Anayepiga makofi baada ya mstari wa kwanza akaenda zake, huondoka na nusu ya habari.

AMRI ILIYOSOMWA KANDO YA MTO NILE

Tuanze nyumbani. Kabla West Nile haijawa sehemu ya Uganda, kando ya mto Nile palikuwa na vituo vya askari wa Misri. Dufile ni kimoja, Wadelai ni kingine. Serikali ya Misri iliwatuma huku Samuel Baker, mwaka 1869, na baadaye Gordon, mwaka 1874, ikitangaza kwamba inakuja kukomesha biashara ya watumwa. Lakini wengi wa askari waliobeba bunduki za kukomesha utumwa walikuwa wenyewe wamekamatwa kama watumwa huko Sudani, wakatiwa jeshini. Hawakuulizwa kama wanataka kazi hiyo.

Mwaka 1885 jeshi la Mahdi liliteka Khartoum. Njia ya kwenda Misri ikafungwa. Gavana wa jimbo, Emin Pasha, na askari wake wakabaki huku bila nguo mpya na bila mshahara. Waliishi miaka kwa kilimo, kwa kuwatoza wenyeji chakula, na kwa kungojea.

Mwaka 1888 ikaja karatasi. Iliandikwa Cairo mwaka 1887 kwa jina la Khedive, mtawala wa Misri, ikaletwa na msafara wa Stanley. Msaidizi wake Jephson alizunguka vituoni pamoja na Emin, na askari wakapangwa mistari wasomewe. Maana yake ilikuwa hii: serikali imeiacha nchi hii. Anayetaka kurudi Misri, na aende na Stanley, na mishahara yake yote iliyolimbikizwa atalipwa. Anayetaka kubaki ana ruhusa, lakini abaki kwa hiari yake mwenyewe, na asitazamie msaada wowote wa serikali.

Huko Labore, kaskazini ya Dufile, askari mmoja alitoka mstarini mbele ya wote akasema barua hiyo ni ya uongo. Hoja yake ilikuwa kwamba, kama karatasi ingetoka kwa bwana wao, ingewaamuru waje. Isingewaambia kwamba wafanye wapendavyo. Tena njia ya kwenda Misri waliyoijua ilikuwa moja tu, nayo ilipita Khartoum. Mwezi huo wa Agosti askari waliasi, na Emin na Jephson wakafungwa Dufile.

Katika vitabu vingi askari hao huonyeshwa kama wajinga waliokataa kuokolewa. Sisi twawaona kwa jicho jingine. Mtu amekutumia miaka mingi. Mshahara hujauona. Umeoa hapa, umezaa hapa, shamba lako liko hapa. Sasa inaletwa karatasi inayosema: deni lako nitalilipa, lakini uje kulichukua Misri, mwendo wa miezi mingi kwa miguu, usipokuja, mimi na wewe hatujuani. Mwajiri akifunga kiwanda cha Jinja na kusema mafao yatalipwa London kwa atakayefika mwenyewe, tutamwitaje mfanyakazi anayeuliza maswali? Askari yule wa Labore aliisikiliza amri mpaka mwisho. Alisikia pale ambapo serikali ilikuwa inamtupa, akauliza.

Wengi walibaki. Mwaka 1891 Kapteni Lugard aliwafuata huko Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akitaka kuwaandika kazi. Mkubwa wao Selim Bey hakukubali hivi hivi. Alisema yeye ni askari wa Khedive, na hawezi kuingia kazi nyingine bila ruhusa ya Khedive. Lugard alilazimika kukubali sharti hilo. Ndivyo watu hao walivyoingia katika kazi ya Waingereza, na kwao likatoka jeshi la kikoloni la Uganda, kisha King's African Rifles mwaka 1902. Wajukuu wao Wanubi tunafanya nao kazi mpaka leo, Arua, Koboko, Bombo, na penginepo.

Je, bwana mpya aliwalipa vizuri zaidi? Mwaka 1897 askari hao hao waliasi tena. Mishahara ilikuwa midogo kuliko ya wengine na ilicheleweshwa kwa miezi, safari zilikuwa hazina mwisho, na walitakiwa waondoke tena kwenda mbali bila wake zao. Mabwana waliyaita mambo hayo maasi. Lakini malalamiko yenyewe, ukiyaandika moja moja, ni yale yale tunayopeleka mbele ya mwajiri kila mwaka.

AMRI YA GALVESTON

Mambo haya si ya Afrika peke yake. Tuangalie Marekani, ambako amri moja ya jeshi imekuwa maarufu kuliko nyingi duniani.

Rais Lincoln alitangaza tarehe 1 Januari 1863 kwamba watumwa katika majimbo yaliyoasi ni huru. Lakini watumwa wa jimbo la Texas waliendelea kulima pamba ya mabwana zao kama jana. Tangazo lisilokuwa na jeshi nyuma yake halikuvuka uzio wa shamba. Mwezi wa Aprili 1865 jemadari mkuu wa waasi, Lee, alisalimu amri. Texas bado. Ilipofika tarehe 19 Juni 1865, Jenerali Gordon Granger alikuwa amefika bandari ya Galveston na majeshi ya serikali, na ikatolewa Amri ya Jumla Namba 3. Tangu tangazo la Lincoln ilikuwa imepita miaka miwili na nusu. Miaka miwili na nusu ya kazi bila malipo, iliyofanywa na watu ambao kwenye karatasi walikuwa huru.

Mstari wa kwanza wa amri hiyo ni mzuri: watumwa wote ni huru. Unaendelea vizuri zaidi: kuna usawa kamili wa haki za nafsi na haki za mali kati ya waliokuwa mabwana na waliokuwa watumwa. Halafu yanakuja maneno yanayotuhusu sisi: uhusiano uliokuwapo kati yao sasa unakuwa uhusiano wa mwajiri na kibarua wa mshahara. Kisha mistari ya mwisho: walioachwa huru wanashauriwa watulie pale pale walipo na wafanye kazi kwa mshahara, hawataruhusiwa kukusanyika katika vituo vya jeshi, na hawatasaidiwa wakikaa bure, hapo wala penginepo.

Ndugu, rudieni maneno hayo polepole. Karatasi hiyo moja imewatoa watu utumwani, imewafanya vibarua, imewashauri wasihame kwa bwana, imewakataza kukusanyika mahali walipotazamia ulinzi, na imewatia doa la uvivu kabla hawajapumzika hata siku moja. Haikutaja kiasi cha mshahara. Haikutaja ardhi. Haikutaja malipo ya miaka iliyopita. Mtu aliyelima pamba maisha yake yote kwa mjeledi anaambiwa asikae bure! Na aliyekuwa amekaa bure miaka hiyo yote, akila jasho la mwenzake, haonywi kwa neno lolote.

Hatusemi kwamba amri ile ilikuwa mbaya. Ilikuwa njema mara elfu kuliko mnyororo. Twasema tu kwamba ilikuwa mwanzo wa vita vingine, vita vya mshahara na ardhi, na vita hivyo hakuna jenerali aliyewapigania.

ZANZIBAR NAYO

Msomaji asidhani Waingereza walifanya tofauti huku kwetu. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud wa Zanzibar, akisukumwa na Waingereza, alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa kisheria. Mtumwa hakuambiwa kwamba tangu leo yu huru. Ilimpasa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na aonyeshe mahali atakapokaa na kazi itakayomlisha, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Fidia alipewa bwana kwa kupoteza mtumwa. Mtumwa hakupewa fidia kwa kupoteza maisha yake. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909.

Tazama, Galveston na Unguja ni mbali, bahari mbili katikati, na lugha ni mbalimbali. Lakini sharti ni moja: uwe huru, ila usiondoke shambani. Karafuu zisibaki mtini na pamba isiozee shambani. Waliotoa amri walijua sana walichokuwa wanalinda.

SISI NA MWAKA 1979

Sasa turudi kwetu. Tarehe 11 Aprili 1979 Radio Uganda ilitangaza kwamba serikali ya Idi Amin imeangushwa. Sauti ilikuwa ya Luteni Kanali Oyite-Ojok. Kampala walicheza barabarani. Kwetu vita vilikuwa bado viko njiani vinakuja. Majeshi ya Tanzania yaliendelea kupanda kaskazini, yakafika Arua na Koboko, na tarehe 3 Juni 1979 yakafika mpaka wa Sudani. Siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwisho wa vita. Kutoka tangazo la redio mpaka mpakani ni siku 53. Galveston yetu ilikuwa ya siku 53.

Lakini wenzetu wa Galveston walipata karatasi. Sisi tulipata nini? Amin hakutia saini popote kwamba amesalimu amri. Alikimbia nje ya nchi, akafia Jeddah mwaka 2003. Askari wa kawaida wa West Nile hakupewa cheti cha kuachishwa kazi, wala hesabu ya mshahara wake, wala neno la kumwambia yeye ni nani tangu sasa. Na si askari peke yao. Wapishi wa kambi, mafundi wa gereji, makarani, wafagiaji wa hospitali, vibarua wa miwa wa Kakira na Lugazi waliokimbia kwa sababu ya kabila lao tu: hao wote waliachishwa kazi na vita, na hakuna aliyewaandikia barua.

Kwa kuwa hapakuwa na amri iliyosema vita vimekwisha na watu wote wa West Nile wako salama, kila mwenye bunduki aliamua mwenyewe. Oktoba 1980 waliokuwa askari wa zamani walirudi kutoka ng'ambo ya mpaka, wakashambulia Koboko na Arua. Jeshi jipya la serikali likalipiza kisasi kwa raia. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Ombaci, nje kidogo ya mji wa Arua, waliuawa pale pale walipotafuta hifadhi. Mamia ya maelfu walivuka kwenda Sudani na Zaire. Wengi walianza kurudi kwa wingi mwaka 1986 na baada yake. Mwambie mama aliyezalia kambini Sudani mwaka 1983 kwamba vita vilikwisha tarehe 3 Juni 1979. Atakutazama tu.

Karatasi ilikuja baadaye sana. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 ilimpa kila aliyeacha bunduki cheti chake mkononi. Na tarehe 24 Desemba 2002, huko Yumbe, serikali na kundi la UNRF II walitia saini mapatano ya amani. Watu wengine hucheka vyeti vile. Sisi hatuvicheki. Kwa mara ya kwanza mtu wa huku aliweza kutoa kitu mfukoni kinachosema: kwangu mimi, vita vimekwisha, na serikali imekubali.

WANAOSEMA KARATASI HAZILIWI

Tunajua yatakayosemwa. Wapo wenzetu wasemao: karatasi ni za wakubwa, zinaandikwa na wakubwa, zinamtaja jenerali na hazimtaji mpishi, sisi tunataka mshahara, hatutaki historia.

Ni kweli amri humtaja jenerali. Ndiyo sababu haitoshi peke yake. Watu wa Texas walianza kuisherehekea tarehe 19 Juni mwaka uliofuata tu, 1866. Hawakuchagua siku ambayo rais alitia saini Washington. Walichagua siku ambayo habari ilifika kwao. Waliishika siku hiyo vizazi kwa vizazi, mpaka mwaka 2021 serikali ya nchi nzima ikaifanya sikukuu. Na ile amri yenyewe iliyoandikwa kwa mkono ilitafutwa ikaonekana mwaka 2020 ndani ya daftari la amri za jeshi, katika nyumba ya kumbukumbu za taifa. Kwa hiyo kuna vitu viwili: daftari la jeshi, na kumbukumbu ya watu. Daftari bila watu ni chakula cha mchwa. Watu bila daftari hubishiwa na kila mwenye kalamu.

Na kuhusu mshahara, wahenga walikwisha kutujibu: mali bila daftari hupotea bila habari. Tumeona katika shamba moja la miwa, ambalo hatulitaji, wafanyakazi wakisomewa mapatano ya kurudi kazini baada ya mgomo. Meneja alisoma nyongeza, watu wakapiga vigelegele, mkutano ukavunjika. Mwisho wa mwezi ndipo ikajulikana kwamba mstari wa chini ulisema siku za mgomo zitakatwa na vibarua wa msimu hawamo katika nyongeza. Karatasi haikudanganya. Ilikuwa imeandikwa hivyo, kwa Kiingereza, na nakala ilikuwa moja tu, ofisini.

TUFANYEJE

Kwanza, amri au mapatano yoyote yasomwe mpaka mstari wa mwisho, na kwa lugha ya wanaohusika: Kiswahili, Kilugbara, Kikakwa, Kinubi. Kwa miaka mingi Kiswahili huku kwetu kilikuwa lugha ya kambini, lugha ya kuamrishwa. Sasa kiwe lugha ya kuuliza. Katibu wa tawi asikubali mkutano uvunjike kabla hajauliza: mstari wa mwisho unasemaje?

Pili, kila mmoja awe na nakala yake. Sheria ya Kazi ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kupewa masharti ya kazi yake kwa maandishi ndani ya wiki 12 tangu aanze, na haki ya kupewa cheti cha utumishi anapoondoka akikiomba. Kiombeni. Nyapara akisema hakuna haja, jua haja ipo.

Tatu, tuandike wenyewe. Kila tawi liwe na daftari, na ndani yake waandikwe wazee wetu ambao hakuna amri iliyowataja: fulani alikuwa fundi wa gereji Arua, aliachishwa na vita mwezi fulani, alivukia Zaire, alirudi mwaka fulani, hakulipwa kitu. Tarehe ziwe zile ambazo habari iliwafikia wao, si zile za redio. Wazee wa 1979 wanapungua kila mwaka. Wakiisha bila kuandikwa, itabaki tarehe 3 Juni peke yake, kana kwamba siku hiyo kila mtu alilala usingizi mzuri.

Askari yule wa Labore hatujui jina lake. Aliyeandika habari zake hakuona haja ya kuliandika. Lakini swali aliloliuliza mbele ya mstari ni swali la kila mfanyakazi anaposomewa kwamba mambo yamekwisha na sasa yu huru: Ni nani anayenilipa, lini, na wapi? Tuliulize mpaka tujibiwe kwa maandishi.

Umoja wetu ndiyo nguvu yetu.